Kipimo cha Bure, Simu ya Malipo ya Kila Siku na Haki za Mnunuzi

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu Siku ya Haki za Watumiaji Duniani, Machi 15



Siku ya soko, gari dogo lenye spika mbili juu ya paa huegeshwa karibu na lango. Muziki unapigwa, watu wanakusanyika, kisha kijana mwenye maikrofoni anaanza kazi yake. Bidhaa aliyo nayo, anasema, huuzwa Sh3,500 Nairobi. Kampuni imeamua kuwashukuru wateja wake. Leo, na leo pekee, watu 20 wa kwanza wataipata kwa Sh1,200. Mkono wa kwanza unainuka, wa pili, wa tatu. Mara nyingine mikono hiyo ya mwanzo ni ya watu waliokuja na gari lile lile.

Kununua si kosa. Soko likikosa wanunuzi, mkulima na mchuuzi wote hulala njaa. Tena wafanyabiashara wengi huuza kwa uaminifu, na mlaghai huwaumiza wao pia, kwa sababu humnyang'anya mteja pesa ambazo zingeishia kwenye vibanda vyao. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inamwonea kidogo mchuuzi anayetembeza mayai na mandazi tangu alfajiri. Kutembeza bidhaa si tatizo. Tatizo ni muuzaji asiyetaka mteja arudi nyumbani kwanza, amwulize mwenzake, alinganishe bei kwa duka la pili, au alale usiku mmoja kabla ya kutoa pesa. Bidhaa hubadilika, leo ni dawa na kesho ni simu, lakini hila ni ile ile: mnunuzi asipewe muda.

Hila inayoumiza zaidi vijijini ni ile inayoitwa kipimo cha bure.

Watu wawili au watatu waliovaa makoti meupe hufika kwenye ukumbi wa kanisa, uwanja wa shule au mkutano wa chama cha akina mama. Wana kompyuta ndogo na kisanduku chenye waya unaoishia kwenye kijiti cha chuma. Mtu hushika kijiti hicho kwa dakika moja hivi. Kompyuta huchora mistari ya rangi, kisha hutoa ripoti ndefu: hali ya moyo, ini, figo, kongosho, mifupa, macho, hata "sumu" iliyomo mwilini. Hakuna tone la damu lililotolewa. Karibu kila aliyepimwa huambiwa ana tatizo, na karibu kila tatizo lina tiba yake kwenye sanduku lililo chini ya meza: vidonge vya virutubishi, majani ya chai, unga wa kukoroga au bangili ya sumaku.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitazami. Kabla ya mtu kushika kijiti, mhudumu humwuliza jina, umri, jinsia, urefu na uzito, akayaandika yote kwenye kompyuta. Mwanamke wa miaka 60 aliyelima maisha yake yote akiambiwa kwamba magoti na mgongo vinamsumbua, hata jirani yake angemwambia hivyo bila kompyuta. Mwanamume mnene wa miaka 50 akitajiwa presha, huenda ikawa kweli. Kubahatisha namna hii hugonga ukweli mara za kutosha hata watu wakaamini na yale mengine.

Sukari mwilini hupimwa kwa tone la damu. Presha hupimwa kwa mkanda unaobana mkono. Figo hupimwa kwa damu au mkojo kwenye maabara. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wa huko wasinunue saa na pete zinazodai kupima sukari bila kuchoma ngozi, kwa kuwa haikuwa imeidhinisha hata moja. Ikiwa nchi yenye maabara nyingi kiasi hicho haijaipata saa ya aina hiyo, kijiti cha chuma kilicholetwa kwa pikipiki hakiwezi kusoma kongosho la mtu.

Chukulia mfano wa mama wa miaka 61 mwenye kisukari. Kila mwezi huchukua tembe zake kwenye kituo cha afya, na hali yake ni tulivu. Ripoti ya kijiti inamwambia kongosho lake "limechoka" na kwamba zile tembe ndizo zinazoliua. Dawa za asili za miezi mitatu ni Sh18,000, lakini kwa kuwa ni siku ya kambi atapewa kwa Sh12,000. Ana Sh4,000 alizotenga kununua mbolea. Wanazipokea kama kianzio, na salio atatuma kwa simu Jumatatu, baada ya kuuza mbuzi.

Hasara ya kwanza ni Sh12,000 na mbuzi. Hasara ya pili ni shamba lililopandwa bila mbolea. Hizo zitahesabika. Ya tatu haionekani upesi: mama ameacha tembe. Kisukari kisichodhibitiwa hakipigi kelele. Hula mishipa ya macho, figo na miguu kidogo kidogo, na wakati kidonda cha mguu kinapokataa kupona, wale wa makoti meupe wako mbali na nambari yao ya simu haipatikani.

Kipimo cha bure cha kweli kipo. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto na mizani, na hutembea nyumba kwa nyumba. Mhudumu huyo anajulikana kijijini, ana kituo cha afya anachoripoti, na akimaliza kupima hana sanduku la kufungua. Akiona tatizo, humwandikia mgonjwa barua ya kwenda kituoni. Tofauti kati yake na yule wa kijiti si koti wala mashine. Ni kwamba mmoja wao hapati chochote mgonjwa anapoambiwa anaumwa.

Inafaa kueleza pia kwa nini watu wenye akili zao timamu hununua. Hawadanganywi kwa sababu ni wajinga. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani Dennis Regan alichapisha jaribio lililomhusisha kijana aliyetoka nje wakati wa mapumziko, akarudi na soda mbili, moja yake na moja ya mwenzake ambaye hakuwa ameomba chochote. Baadaye kijana huyo akamwomba mwenzake anunue tikiti za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua tikiti karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Gharama ya tikiti ilizidi kwa mbali bei ya ile soda.

Binadamu aliyelelewa vizuri huona haya kupokea bila kurudisha. Nyongeza ya nyanya moja kutoka kwa mama mboga hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na hakuna ubaya, kwa sababu mteja alikuja kununua nyanya. Lakini kipimo cha bure, chai ya bure na kofia ya bure hugeuza haya hiyo kuwa kamba. Mtu aliyekaa saa mbili kwenye kiti cha bure, akapimwa bure, akaitwa "mama yetu" mbele ya chama kizima, hupata taabu kusema hapana. Wauzaji wa aina hii wanalijua hilo, na ndiyo maana hupenda kuuza mbele ya watu wanaofahamiana.

Sasa simu. Hapa mambo si meusi na meupe. Simu inayolipiwa kidogo kidogo imewasaidia vijana wengi. Mwendesha bodaboda anayepata wateja kwa simu, au fundi wa nguo anayeonyesha kazi yake kwa picha, ananunua kifaa cha kazi, na si rahisi kumwambia asubiri hadi awe na pesa zote mkononi. Lakini bei hutajwa kwa siku. Muuzaji husema "Sh70 tu kwa siku, hata chai ya kibandani inazidi hapo," kisha hupitisha fomu haraka ili itiwe sahihi.

Hesabu yake iko hivi. Chukulia simu ambayo dukani kwa pesa taslimu ni Sh13,000. Kianzio ni Sh3,000. Sh70 kwa siku 365 ni Sh25,550. Jumla ni Sh28,550. Mnunuzi amelipia simu mbili na kubaki na moja, tena Sh2,550 zimezidi juu yake. Wiki moja ya mvua abiria wakikosekana na malipo yakichelewa, simu hufungwa kutoka mbali, na simu iliyofungwa haipokei wateja wa kumwezesha kulipa deni. Wako waliorudi kwenye kianzio cha simu nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza.

Muuzaji aliyeitaja jumla hiyo waziwazi, mnunuzi akakubali, hakumdanganya mtu. Ni biashara ghali lakini ya wazi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka anayetoa mkopo amweleze mkopaji gharama ya mkopo kwa maandishi. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kutoa kitambulisho ni moja: jumla yake, mpaka siku ya mwisho, ni shilingi ngapi? Muuzaji anayejibu swali hilo kwa kurudia bei ya siku amekwisha kujibu.

Na kuna simu ya pili, ile isiyohitajika. Ya kwanza inafanya kazi, betri inakaa, lakini kamera ya mpya inapiga picha nzuri zaidi na rafiki anayo. Hapo muuzaji haelezi simu, anamweleza mnunuzi jinsi watu watakavyomtazama. Vivyo hivyo kwa televisheni ya inchi 55 inayoingia kwa mkopo katika nyumba ambayo mabati yake yanavuja. Serikali ya kaunti haina kazi ya kumchagulia mtu apambe vipi sebule yake. Lakini ofa ya siku tatu imewekwa makusudi ili mume na mke wasipate jioni ya kulizungumza, na hilo ni vyema lijulikane.

Kuhusu ofa zenyewe, maneno machache yatatosha. Bei iliyopigwa mstari na nyingine kuandikwa chini yake ni halali ikiwa bidhaa hiyo iliwahi kuuzwa kwa bei ya juu. Sheria ya 2012 inahesabu kuwa udanganyifu kudai kuna nafuu ya bei wakati haipo. Ni udanganyifu pia kusema bidhaa ni mpya kumbe imetumika, au kumwambia mteja kwamba kifaa chake kinahitaji kutengenezwa au kubadilishwa wakati sivyo. Hili la mwisho liwafikie mafundi wachache wa magari, redio na simu ambao hawajawahi kukutana na kifaa kisichohitaji spea mpya.

Bidhaa iliyo na alama ya ubora ya KEBS inaweza kuhakikishwa hapo hapo dukani. Mnunuzi huandika herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, akatuma kwa 20023, na jibu huonyesha kampuni na bidhaa iliyopewa kibali. Mtungi wa gesi nao umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi wa kilo 6 ukiwekwa kwenye mizani, uzito wake ukatolewa uzito wa chapa, zibaki kilo 6. Muuzaji asiye na mizani au asiyetaka kuitumia, wa pili yuko hatua chache mbele.

Sasa lililo muhimu zaidi: mtu aliyekwisha kununua afanye nini? Wengi hunyamaza. Mama wa mfano ule, akigundua, atamficha hata binti yake, kwa aibu. Wadanganyifu wengi hufanikiwa mwaka hadi mwaka kwa sababu ya aibu hiyo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kufaidika nazo, kulindwa kwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya 2012 ikaongeza jambo ambalo linamrudishia mnunuzi ule muda alionyimwa. Mkataba uliofanywa ana kwa ana mahali pasipo pa biashara ya muuzaji, kama vile nyumbani kwa mteja au kwenye ukumbi, unaweza kubatilishwa na mnunuzi ndani ya siku 10 tangu apokee nakala yake iliyoandikwa, na hatakiwi kutoa sababu yoyote. Haki hii haihusu kitu kilichonunuliwa dukani kwa muuzaji, sokoni, mnadani au kwenye maonyesho ya kilimo. Aliyekubali mkataba baada ya kudanganywa, popote pale, ana mwaka mmoja wa kutoa taarifa ya kuuvunja.

Kuna mambo mengine mawili yanayowashangaza wengi. Aliyeletewa bidhaa ambayo hakuiagiza halazimiki kuilipia. Na lile tangazo lililobandikwa ukutani, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, haliondoi haki zilizo katika sheria hiyo. Hata mteja akitia sahihi kwamba ameziacha, bado ni zake. Lakini haki ianze pande zote mbili: aliyenunua viatu vizuri dukani, akafika nyumbani akabadili mawazo kuhusu rangi, hana kesi. Akirudishiwa pesa ni ukarimu wa mwenye duka.

Malalamiko hupelekwa wapi? Katiba, katika Ratiba ya Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia masoko, leseni za biashara na uuzaji wa haki. Kwa hiyo ofisi ya biashara ya kaunti ndiyo mlango wa karibu, na maafisa wa vipimo hukagua mizani. Muuzaji wa "dawa" zinazodaiwa kutibu kisukari au saratani ni wa kuripotiwa pia kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Bidhaa isiyofikia viwango ni ya KEBS. Matangazo ya uongo yanayofanywa na kampuni ni ya Mamlaka ya Ushindani. Mkazi asiyejua ofisi ipi ni ipi asikae na barua yake nyumbani: aipeleke ofisi ya biashara, aulize pa kuelekea kutoka hapo.

Pesa zikikataliwa kurudishwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama hii ipo katika miji kadhaa, na karani wa mahakama yoyote ataeleza iliyo karibu.

Kila mahali hapo patahitajika ushahidi. Risiti, ujumbe wa malipo ya simu, ile ripoti ya kijiti, kikaratasi cha tangazo, boksi la bidhaa, majina ya wawili waliokuwepo. Ujumbe wa simu usifutwe. Pesa zikitumwa kwa nambari ya mtu binafsi badala ya nambari ya malipo ya biashara, jina lililojitokeza kwenye simu liandikwe siku hiyo hiyo.

Na mama wa kisukari, ikiwa leo ni siku ya nane tangu apewe karatasi yake, kwanza aende kituo cha afya, aeleze bila kuficha kwamba aliacha tembe na ni siku ngapi. Hakuna atakayemkemea. Kisha mjukuu amwandikie barua, na haihitaji Kiswahili cha mahakamani:

"Tarehe 4 mwezi huu nilinunua kwenu dawa za Sh12,000 katika ukumbi wa kanisa, nikalipa Sh4,000. Leo ninaubatilisha ununuzi huo. Nirudishieni Sh4,000 kwa nambari ile ile niliyotumia kulipa, na mje mchukue bidhaa zenu. Salio sitalituma."

Iwe na tarehe, jina na sahihi au alama ya kidole gumba. Ipigwe picha kabla ya kutumwa. Ikitumwa kwa simu, ujumbe ubaki kwenye simu. Ikipelekwa kwa mkono, anayeipokea atie sahihi kwenye nakala. Maboksi yasifunguliwe tena, yawekwe mahali pakavu hadi wenyewe wayajie. Na mbuzi asiuzwe.